Mji Aliotutafsiria Baba Yako

Josiane,

Umetoka hapa baada ya kula, na mfuko wako wa nywele za kusukia kwapani. Mama Furaha wa mtaa wa Mudzipela husuka polepole kwa sababu mdomo wake unafanya kazi zaidi ya vidole, kwa hiyo nina mchana mzima wa kukukasirikia kwa utaratibu, bila wewe kunikatiza. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa kibegi chako, chini ya karanga. Najua utaanza kuzila kabla ndege haijaacha ardhi ya Bunia, kwa hiyo sina wasiwasi kwamba haitaonekana.

Mambo ya chandarua, ya dawa, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, nimekwisha kuyasema na wewe umekwisha kuyakunjia uso. Siyarudii. Nataka tuongee juu ya jana.

Jana nilikuwa napiga pasi sketi yako ya bluu, ya kuanzia chuo huko Kisangani. Ukaja na simu, ukaniwekea ramani ya Kisangani mbele ya macho, imejaa alama nyekundu.

"Mama, angalia. Hizi ndio fasi zote za filme za papa."

Ukaanza kunionyesha kila mahali kwa kidole. Ngazi za mawe nyuma ya kanisa kubwa, pale mwanamume alipomngojea mpenzi wake. Nyumba yenye balkoni ya chuma. Stesheni yenye saa. Daraja ambalo mwanamke alilikimbia akiwa amevua viatu. Kisha ukanisikilizisha sauti ya baba yako, ile sauti ambayo haijazeeka hata kidogo, na hilo nalo linaniudhi:

"Mutoto wangu, usiogope kitu. Papa atakuwa ku uwanja mapema, mbele ndege ifike. Tutazunguka muji muzima, nitakuonyesha fasi kwa fasi. Mwambie mama mukubwa Béatrice asijichokeshe kuja."

Na wewe, bila kuniuliza, ulikuwa umekwisha kumwandikia dada yangu asijichokeshe. Mtu ambaye umemwona mara mbili katika maisha yako, ambaye ana mke wake na watoto wake huko na anakutumia sauti wakati anapokumbuka, ndiye atakupokea uwanjani. Dada yangu, ambaye amekutandikia kitanda, akae nyumbani.

Nilisema maneno mawili tu: "Daraja gani?"

"Mama, weye hauna roho ya mapendo," ulinijibu, ukatoka. Pasi ilikuwa bado juu ya sketi. Ile alama ya kahawia karibu na zipu, sasa unajua ilikotoka.

Basi sikiliza juu ya roho yangu ya mapendo, kwa kuwa ndani ya ndege huwezi kutoka.

Nilikuwa na umri kama wako wakati wa vita vya kwanza. Ninaviita vya kwanza kwa sababu nyinyi mmekulia katika hivi vya sasa, vinavyochoma vijiji vya Djugu na kuwaleta watu uani kwetu na magodoro yao. Vile vya kwanza vilikuwa ndani ya mji wenyewe, mtaa kwa mtaa. Shule ilifunguliwa wiki hii, ikafungwa wiki ile. Koko yako, mama yangu, aliniruhusu kwenda mahali pawili tu: kanisani, na kwa mwalimu aliyenisaidia hesabu. Kwa mwalimu wa hesabu sikufika. Nilikuwa naenda kwenye banda la video.

Lilikuwa la mbao na bati, na mabenchi, na televisheni moja juu ya meza, na jenereta ikinguruma nje. Filme zilitoka kila upande wa dunia kwa lugha ambazo hakuna aliyezijua, kwa hiyo kila banda lilikuwa na mtafsiri wake. Anakaa pembeni ya televisheni na maikrofoni, anapunguza sauti ya filme, kisha anasema yeye. Anakuwa mwanamume, anakuwa mwanamke, anakuwa baba mkali, anakuwa mbwa. Mtafsiri mzuri aliweza kujaza banda kwa filme mbaya. Wa banda letu alikuwa Faustin, baba yako, kijana mwembamba ambaye vita vilikuwa vimemkatia masomo. Hakujua lugha ya filme hata moja. Hilo nililifahamu baadaye. Alikuwa anaiangalia peke yake asubuhi mara moja, anaamua wanasema nini.

Filme tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zamani, isiyo na rangi. Wapenzi wawili Wazungu, mji wa kale kando ya mto mkubwa, meli za moshi, kanisa lenye minara. Mwanamume ana kofia. Wanakutana kwenye ngazi zinazoshuka majini, baba wa msichana anakataa, mwanamume anapanda meli, msichana anakimbia darajani amechelewa. Mara ya kwanza Faustin alipoiwasha alisema kwenye maikrofoni, bila aibu yoyote:

"Wandugu, huyu muji munaona si Ulaya. Huyu ni Kisangani yetu, wakati wa Wabeleji, wakati ilikuwa ingali Stanleyville. Muangalie muzuri. Koko zenu ndio walibeba hayo mawe."

Banda zima liliyaangalia yale mawe kwa heshima. Karibu hakuna kati yetu aliyewahi kufika Kisangani. Nyuma kabisa mzee mmoja alisema, "Kweli, ninaikumbuka ile kanisa," na hapo neno likawa limekwisha.

Tangu siku hiyo kila filme ya mapendo aliipeleka Kisangani. Ikionekana balkoni, iko karibu na posta. Ikionekana stesheni, iko ng'ambo ya mto. Alitupangia mji mzima, na tuliujua kuliko Bunia, maana Bunia ilikuwa na mitaa ambayo hatukuweza tena kuikanyaga. Risasi zilipokuwa zinapita, mimi na koko yako tumelala chini ya kitanda, nilikuwa natembea Kisangani kichwani: nashuka ngazi, napita chini ya balkoni, navuka daraja. Sitakudanganya. Mji ule usiokuwepo ulinishika mkono. Ndiyo maana hasira yangu kwa baba yako haijawahi kunyooka mpaka leo. Kila ninapoivuta inapinda.

Hata shuleni niliutetea. Mwalimu wa jiografia alisema kwamba Kisangani hakuna daraja juu ya mto mkubwa, watu wanavuka kwa mtumbwi na kivuko. Mimi, wa kwanza wa darasa, nikasimama.

"Mwalimu, daraja liko. Nimeliona."

"Umeliona wapi?"

"Kwenye filme."

Wenzangu, ambao nao walikuwa wanaingia bandani kwa siri, waliinamia madaftari yao wakaniacha peke yangu. Mwalimu akasema, "Haya, binti. Siku ukienda Kisangani, uvuke na hilo daraja lako, ufike salama." Nilimdharau mpaka mwisho wa mwaka. Leo mimi mwenyewe ni mwalimu, wa historia tena, na kila mwanafunzi anaponiambia "nimeliona kwenye simu" nasikia aibu ikinipanda shingoni.

Sasa nifike pale ambapo nilipotea kabisa.

Siku moja mchana, katikati ya filme ile ya mwenye kofia, risasi zilianza, karibu sana. Watu waliinuka. Faustin akashika maikrofoni: "Mukae, mukae! Hizo ni za filme. Baba ya binti amekasirika!" Na tulikaa, Josiane. Watu wazima, wenye watoto mapajani, tulikaa kwa sababu sauti ile ilituambia tukae. Risasi moja ikapita kwenye bati juu ya vichwa vyetu. Hakuna aliyeguswa. Jua likaingia kwenye lile tundu, mstari mwembamba, likatua juu ya kioo cha televisheni, pale pale juu ya mto. Na baba yako akasema polepole:

"Munaona? Mwezi umetoka Stanleyville."

Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi nilimpenda hapo hapo. Miaka yote hii nimejaribu kuipanga upya kumbukumbu ile ili niwe nilimpenda kwa sababu yenye akili zaidi, na nimeshindwa. Kulikuwa na jambo moja la kujiuliza: mtu anayeona risasi ya kweli akaiita mwezi, siku nikiwa na habari ya kweli ya kumpa, ataiitaje? Sikujiuliza. Nilikuwa naangalia mwezi.

Tulianza kutembea pamoja. Akinisindikiza nyumbani alikuwa anatutafsiri sisi wenyewe njia nzima: "Sasa binti anafika ku mulango ya bati. Mama yake anakohoa ndani. Kijana anaogopa, anarudi nyuma!" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sikuona kwamba katika maneno yale yote hakuwahi kuniuliza kitu. Wala mimi sikumwuliza.

Kisha wenye silaha wakaingia bandani, wakachukua televisheni, jenereta na hata mabenchi. Faustin akapata nafasi kwenye ndege ya mizigo ya kwenda Kisangani, ambako ndugu yake mmoja alikuwa na banda. Siku ya kuondoka aliniambia, "Nitakungojea ku zile ngazi, nyuma ya kanisa. Kila siku ya Mungu, kisha misa. Hata ukichelewa namna gani, utanikuta." Unaona maneno hayo? Ndiyo yale yale anayokutumia wewe kwenye simu. Amebadilisha ngazi tu, ameweka uwanja wa ndege.

Haikuchukua muda nikajua kwamba nimekubeba. Sikumwambia mtu. Koko yako alijua bila kuambiwa, akanitafutia nafasi kwenye ndege ya mizigo, akawaambia watu kwamba naenda kumsalimu Béatrice, ambaye alikuwa ameolewa Kisangani. Nilisafiri nimekaa juu ya magunia ya maharage, nimeshika tumbo ambalo bado halijawa tumbo.

Siku ya Mungu, yaani Jumapili, nilivaa vizuri. Nilipanda toleka, ndivyo wanavyoziita huko zile baiskeli za kubeba watu, zenye kikalio kilichopambwa nyuma. Nikamwambia kijana mwenye baiskeli: "Unipeleke kwenye ngazi za mawe, nyuma ya kanisa kubwa."

"Iko," alisema. Kwake kila kitu kilikuwa iko.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na ukingo wa udongo, wamama wanauza samaki wa moshi, askari wanafua nguo.

"Ngazi ziko wapi?"

"Hapa watu wanashuka na miguu, dada. Ngazi ya nini?"

Faustin hakuwepo. Nilisubiri. Misa ilikwisha, watu wakatawanyika, nikasubiri mpaka wauza samaki wakaanza kunionea huruma na kunipa ndizi ya kuchoma. Kijana wa toleka naye hakuondoka. Alikuwa amenusa kwamba siku yangu itakuwa ndefu. Nikajiambia labda nimekosea fasi, labda alimaanisha balkoni.

"Kuna nyumba yenye balkoni ya chuma?"

"Iko!"

Akanipeleka kwenye nyumba ya kale ya Wabeleji, ukuta wake umetobolewa na risasi, maana huko nako majeshi ya wageni yalipigana katikati ya mji. Juu ya balkoni familia ilikuwa inapika kwa makaa, na nepi zimeanikwa kwenye chuma. Mama mmoja akainama kutuangalia.

"Unatafuta nani?"

"Natafuta... hii balkoni."

"Basi umeiona. Sasa utaibeba na hiyo baiskeli?"

Waliokuwa nyuma yake walicheka. Nilipaswa kurudi kwa dada yangu. Badala yake nikamwambia kijana, "Nipeleke darajani." Alinyonga baiskeli mpaka nje ya mji, kwenye mto Tshopo, shati lote limelowa jasho.

"Hili ni fupi," nilisema. "Na mto ni mdogo. Mimi nataka lile la mto mkubwa."

Kijana alishuka, akajifuta uso na mkono wa shati, akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Dada, uchague. Unataka muto mukubwa ao unataka daraja? Hapa Kisangani hawakae pamoja."

Nikamkumbuka mwalimu wa jiografia. Nilikaa chini kwenye ukingo wa lile daraja fupi nikalia. Kijana aliegemeza baiskeli, akasema kwa upole, "Usilie. Wanasema muto mukubwa iko na daraja moja, kule Matadi."

Josiane, mji ule ni mzuri. Ninaufundisha kila mwaka, ninajua nani aliupanga, nani aliujenga kwa mgongo wake, nani aliupigania. Lakini siku ile niliupita wote bila kuuona, kwa sababu kila nyumba niliyoifikia niliilaumu kwa kutokuwa nyingine. Mto wenyewe, mpana vile, niliukasirikia kwa kukosa daraja. Jambo hilo nililielewa upesi kuhusu mji. Kuhusu baba yako lilinichukua muda mrefu zaidi, nitalifikia.

Tulikuwa tunarudi, kijana amechoka, mimi nimevimba macho, niliposikia sauti ya baba yako. Mabanda huko yalikuwa yanaweka spika barabarani ili kuita watu, na kwenye spika ya banda moja alikuwa Faustin. Hakuwa amesahau ngazi kwa ubaya. Walimpa filme moja ya kutafsiri baada ya misa, halafu nyingine, na baba yako hajawahi katika maisha yake kuacha filme katikati. Nilimwambia kijana asimame. Ilikuwa filme ile ile, ya mwenye kofia. Nikasikia:

"Wandugu wa Kisangani, huyu muji munaona si Ulaya. Huyu ni Bunia! Bunia yetu, kule juu ku milima ya Ituri. Muangalie ule mulango, kule ndio kwa binti mumoja wa Mudzipela, mama yake anakohoa kila saa..."

Bunia. Mji niliouacha ukiwa unanuka moshi. Na ndani watu walikuwa wanavuta pumzi, "Eeh! Bunia iko muzuri!"

Niliingia. Nikapiga kelele toka mlangoni: "Muongo! Bunia haina muto kama huu!"

Watu waligeuka. Walifikiri ni sehemu ya filme. Walipiga makofi. "Endelea, dada! Mwambie!" Faustin aliniona, na uso wake ulifurahi kweli, sitamnyima hilo. Lakini mkononi alikuwa na maikrofoni, na filme ilikuwa inaendelea. Akasema: "Huyu ni dada ya binti. Ametoka Bunia na miguu, amekuja kulalamika."

Vicheko. Nikapita katikati ya mabenchi mpaka karibu naye, nikainama, nikasema kwa sauti ambayo nilitaka aisikie yeye peke yake: "Faustin, niko na mimba."

Na yeye, kwa mazoea tu, kama mtu anavyopiga chafya, aliinua maikrofoni akatafsiri:

"Anasema iko na mimba!"

Banda lililipuka. Walipanda juu ya mabenchi. Wamama walipiga vigelegele, mwanamume mmoja alimkumbatia mtu asiyemjua. Walikuwa wamefurahi kwa ajili ya yule msichana wa kwenye picha, ambaye mpenzi wake alikuwa anapanda meli. Na spika ya nje, usisahau, ilikuwa inafanya kazi: barabarani kijana wa toleka alikuwa anapiga kengele ya baiskeli bila kupumzika. Hivyo ndivyo ulivyotangazwa duniani. Umekuwa ukiniuliza tangu utoto, "Mama, papa alisema nini uliposema niko?" na mimi nimekuwa nikikujibu, "Alifurahi." Sasa unajua kwa nini nilikuwa najibu nikiwa nimekupa mgongo.

Nilikwenda kwa Béatrice. Faustin alifika jioni, filme zilipokwisha, amebeba soda, anashangaa kwa nini nalia.

"Lakini watu walifurahi!" alisema.

"Na weye?"

"Miye?" Alifikiri kweli, nilimwona akitafuta jibu. "Miye nilikuwa kazini."

Béatrice ilibidi aondoke chumbani ili asicheke. Mimi sikucheka. Asubuhi nilipanda ndege ya kwanza iliyopatikana, kati ya magaloni ya mafuta ya mawese, nikarudi vitani, nikiwa najisifu njia nzima kwamba mimi ni mtu asiyedanganywa mara mbili. Baadaye dada yangu alinieleza kwamba asubuhi ile ile Faustin alirudi. Ameoga, mikono mitupu, akakaa kwenye kiti na hakuwa na la kusema. Baba yako, hana la kusema! Ningependa kuliona jambo hilo kwa macho yangu. Nilikuwa tayari angani, juu ya msitu.

Kwa miaka mingi nilifikiri kosa langu lilikuwa kumwamini. Sasa linaniudhi kosa jingine. Nilikwenda Kisangani kutafuta mtu mwenye kofia, na nilipompata kijana aliyekimbia vita, ambaye banda lake limeibwa, ambaye alikuwa anawasifia wageni mji wetu unaoungua kwa sababu hakuweza kurudi humo, nilimlaumu kwa kutokuwa mwingine. Alikuwa anastahili kulaumiwa, usinielewe vibaya. Ila ningemlaumu yeye mwenyewe. Na ningekaa asubuhi ile mpaka arudi.

Inanichosha, mwanangu, kwamba umerithi masikio yangu. Huko chuoni utakutana na sauti nyingine nzuri kama ile, na sitakuambia uzikimbie, mimi mwenyewe nilifurahi sana. Angalia tu kama zinasimama wakati wewe unaongea.

Sasa, usifunge barua. Nimempigia Béatrice. Atakuja uwanjani. Atasimama mbali, kwa wauza maji, amejifunga kitambaa kichwani kama jasusi. Nilivyomweleza alifurahi kupita kiasi, ninaogopa atavaa na miwani. Kama baba yako yuko, dada yangu hatajitokeza, utamkuta nyumbani na chakula. Kama hayuko, usimsubiri. Siku hizi anatangazia maduka kwa spika, na huenda kuna duka linafunguliwa. Nyosha mkono tu, mama mkubwa atakuona.

Lakini kama yuko, na nakuambia kweli, ninaomba awepo, mzunguke. Mwache akuonyeshe ngazi na balkoni. Ramani yako usiifute. Ila mwambie akupeleke pia kwenye lile banda. Béatrice anasema sasa wanauza saruji humo. Msimame mlangoni. Katika mji ule wote ni fasi moja tu ambapo jambo la filme lilitokea kweli, na lilitokea kwa ajili yako: watu wasiotujua walikushangilia kabla sisi wawili hatujajua kufanya hivyo. Hapo umwulize swali nililomwuliza mimi. "Na weye, papa?" Kisha unyamaze, umpe nafasi ambayo mimi sikumpa. Akianza kutangaza, panda pikipiki uende kwa mama mkubwa. Akinyamaza, kaa naye.

Nasikia sauti yako njiani, unabishana na mtu wa pikipiki. Kichwa kimesukwa, bila shaka, na kinakuuma, na utataka nikuonee huruma. Nitakuonea.

Na kama atakuambia kwamba lile daraja lilibomolewa na vita, usimwamini. Halikuwahi kuwepo. Mimi ninajua: hakuna mtu aliyelivuka mara nyingi kunizidi.

Mama yako